Adinani Mmwaga Mvua

Shemeji yangu Adinani hakumwaga mvua ya mtu. Nalisema leo, na kulisema leo hakumsaidii kitu.

Mwaka 1949 aliajiriwa kwenye mradi wa karanga, Nachingwea. Kazi yake ilikuwa kopo la shaba lililosimikwa pembeni mwa kijiji chetu, Naipingo. Mvua ikiingia humo, asubuhi huipima, huandika daftarini, kisha humwaga maji chini. Basi.

Mwaka huohuo mvua ikagoma na mtama ukajikunja shambani. Watu wakaunganisha: kopo limekuja, mvua imekwenda, na mtu tunamwona kwa macho yetu akimwaga. Mimi pia nilisema hivyo kisimani, tena kwa sauti.

Kwetu Wamwera mume huhamia kwa mkewe. Mjomba wa mke akimchoka, humkabidhi jembe lake aende zake. Mjomba wetu Isihaka akamwita Adinani barazani, na dada yangu Biasha wakati huo ana mimba ya miezi saba.

"Mjomba, Ruangwa nako kumekauka, na kopo hawana," Adinani alisema. "Vitu viwili kufuatana si kwamba kimoja kimemleta mwenzake. Jogoo awike asiwike, kutakucha."

"Mawingu ya Ruangwa yanapita wapi, mkwe? Si hapa kwako?"

Hapo hasira zikamponza. "Basi kopo nalifunika siku kumi, sipimi. Mtaona kama itanyesha!"

Siku ya tatu ikanyesha, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Tulicheza matopeni kama wendawazimu, mimi nikiwemo. Adinani alisimama upenuni akirudia, "Imesadifu tu. Wallahi imesadifu tu." Nani amsikilize? Mvua haijakatika, mjomba akamletea jembe. Biasha aling'ang'ania mpini akilia, tukambandua vidole.

Ikanyesha na kesho yake, siku ya tano ikakatika, isirudi tena. Nikajua sasa shemeji ataitwa arudi.

"Amekwenda nayo," mjomba akasema.

Kumbe inyeshe isinyeshe, jembe lilikuwa lake tu! Mtama ukafa wote. Biasha akajifungua mtoto wa kike, tukala mizizi ya porini mwaka ule, na jina la baba yake halikutajwa nyumbani.

Miaka miwili baadaye nilimkuta Adinani sokoni Ruangwa akiuza mikeka, amekonda, mashavu yameingia ndani. Aibu ilinijaa, lakini nikamwendea.

"Nisamehe, shemeji. Ulisema kweli. Ilisadifu tu."

Alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena.

"Shemeji," akasema polepole, "yale maji nilikuwa nayamwaga pale mchangani. Ningeyamwaga kwenye mtama wenu, huoni kama ingenyesha?"

Nilingoja acheke. Alikuwa ananiuliza kweli.