Siku Niliyomwinua Wakesho Kitini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni na msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu aibu hii ni yangu na nitaisema mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa Muaither, ambao wameshaitia chumvi mpaka nasikia siku hizi ati nilimpiga mtu kwa tarumbeta. Sikumpiga mtu. Nilifanya baya kuliko hilo.

Nilikuwa nimekwenda Doha kumtunza binti yangu Grace, aliyejifungua, kwake huko Muaither. Kwa Grace aliishi pia mjukuu wangu Wakesho, mtoto wa marehemu mwanangu, ambaye nilimlea mimi kule Voi tangu ana miaka mitano na nikamtia kwaya ya kanisa kwa mkono wangu huu. Wakesho alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja kubwa, halafu kiongozi wa bendi ya hoteli, mzee mmoja Mfilipino, akamsikia akijiimbia kazini, akamwomba ajaribu. Bendi yenyewe si ya magitaa. Ni wanaume kumi na wawili, wa saksafoni, wa tarumbeta, na wa yale mabomba marefu ya kuvuta mbele na nyuma, wanapiga swing, muziki wa Wamarekani wa zamani, wa kabla mimi sijazaliwa (na mimi si wa jana), na mbele yao lazima awepo mwanamke mmoja mwenye gauni refu.

Hoteli ilimpa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ukiisha, ama watie sahihi mkataba ama afunge sanduku arudi Voi, kwa maana nafasi yake ya mapokezi ilishapewa mwingine, na kule kibali chako cha kukaa kiko mkononi mwa mwajiri. Hilo nililijua. Sitasema sikulijua.

Mwezi mzima msichana aliweka simu sikioni akisikiliza wanawake walioimba muziki huo, waliokufa zamani, akiwafuatisha jikoni, bafuni, kila mahali. Hasukumi sauti, anaiacha ichelewe nyuma ya ngoma kama mtu asiye na haraka, kisha anaifikia. Mimi nikaona ni uvivu.

"Mbona unachelewa?"

"Ndivyo walivyoimba, Nyanya. Na si kuimba tu, hata kukaa kwao jukwaani kulikuwa na..."

"Kuimba unanifundisha mimi? Nimeongoza sauti ya pili baba yako hajazaliwa!"

Akaenda zake. (Mkisikia mtu mzima anajisifu hivyo, sogeeni kando, anakaribia kuanguka.)

Basi siku ya mwisho ya majaribio ikawa Ijumaa mchana, maana watu wa kule Ijumaa hukaa hotelini wakila kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na meneja, Mlebanoni, alikuwa amekaa na wakubwa wake ili wamwone msichana kisha waamue. Wakesho akatuweka mimi na Grace kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, akanishika bega. "Nyanya, hapa ni pazuri. Usitoke hapa."

Pazuri gani? Mbele yangu palikuwa na nguzo nene kama tangi la maji, simwoni mtu. Nikachungulia kulia, nikachungulia kushoto, nikaona kiti kitupu mbele kabisa, nikamwambia Grace naenda kuona vizuri tu, nikajifunga leso sawasawa, nikaenda. Ni hilo tu. Makosa yote yaliyofuata yalizaliwa na kile kiti.

Bendi ikaanza, wanaume wakasimama kwa zamu wakipuliza mpaka mashavu yamefura, na Wakesho wangu ameketi. Kwenye kiti, peke yake, pembeni mbele ya watu wote, mikono mapajani. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, ukaanza wa pili, bado ameketi. Na anatabasamu!

Sasa lazima niwaambie jambo la kwetu. Kanisani kwetu, msichana wa kwaya akikosa, na mnajua kukosa ninakokusema, haimbi. Anawekwa kwenye kiti pembeni, mbele, wenzake wanaimba na yeye anatazamwa, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku ya kusamehewa, na siku hiyo mzee wa nyumba yao ndiye anayekwenda kumshika mkono na kumwinua. Mimi mwenyewe nimewainua wasichana watatu ambao hawakuwa na mtu. Kwa hiyo niliyoyaona pale sikuhitaji kuelezwa. Niliona mjukuu wangu ana mimba, wamegundua, na wamemweka kitini mbele ya Waarabu na Wazungu wanaokula kamba wa baharini.

Nilihisi baridi ya ile mitambo yao ya kupoza hewa inaniingia mpaka kwenye mifupa. Halafu nikasema moyoni, huyu ana mtu, hatakaa hapo kama yatima nami nipo, nikapanda jukwaani.

Ngazi tatu. Hakuna aliyenizuia, nadhani walidhani mimi ni sehemu ya mchezo. Nikamshika mkono.

"Inuka, mama. Inuka twende."

"Nyanya," akasema meno yameumana na tabasamu halijamtoka usoni, "rudi ukakae."

"Ni mimba?"

Mbele ya kiti chake, vijana, palikuwa na maikrofoni. Imewashwa. Ukumbi mzima ukaniuliza kwa sauti yangu mwenyewe, kutoka kila pembe: ni mimba?

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikawageukia wale wanaume kumi na wawili wakiwa na vyombo vyao midomoni, nikauliza, "Na ni ya nani kati yenu?"

Wageni hawakujua Kiswahili, wakaendelea kula. Lakini mhudumu wa supu alikuwa Mganda, wa juisi alikuwa wa Machakos, askari wa mlangoni alikuwa wa Kakamega. Nikasikia trei inaanguka. Mzee Mfilipino akanitazama kwa macho makubwa, mkono wake bado unaongoza, maana bendi ya namna ile haisimami, ni kama lori linaloteremka mlima. Na papo hapo tarumbeta ikamaliza sehemu yake, ikafika zamu ya Wakesho, akasimama na kuimba, mkono wake bado uko ndani ya wangu, na sauti haitetemeki hata kidogo. Aliimba wimbo mzima hivyo. Mimi nimesimama kando yake na leso yangu kama koti lililotundikwa.

Askari akaja taratibu. "Mama, tafadhali, shuka na mimi." Chini ya ngazi akaninong'oneza, "Mama, hilo neno hapa halisemwi. Msichana asiyeolewa akiwa nayo, hapa ni polisi."

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Sikujua kwamba mdomo wa mtu unaweza kumpeleka mjukuu wake jela.

Meneja alikuwa amewaona wahudumu wakitazamana. Akamwita yule askari na kumuuliza mama amesema nini, na kijana wa watu, naye ana kazi yake ya kulinda, akasema kweli. Mkataba haukutiwa sahihi. Tukaambiwa tulete karatasi ya daktari kwanza, na hadi hapo msichana asiimbe, ila aje kila siku akae, maana bendi inahitaji mwanamke wa kutazamwa.

Garini, tukirudi nyumbani, ndipo Wakesho aliponieleza, akitazama dirishani. "Kile kiti ni cha mwimbaji, Nyanya. Wanawake wale walikuwa wanakaa pale, wanaume wanapiga, zamu yao ikifika wanasimama wanaimba kidogo, wanakaa tena. Ni heshima. Nilitaka kukwambia."

Siku nne alikaa kile kiti bila kuimba, akitabasamu, na wahudumu wote wakijua kwa nini. Adhabu niliyodhani nimeiona, mimi ndiye niliyemletea. Alikwenda kupimwa akiwa hana kosa lolote, akarudi na karatasi safi, akaiweka mezani mbele yangu. Mkataba ukatiwa sahihi siku ya pili. Nikamwambia mbele ya shangazi yake, "Nimekukosea."

"Umenikosea, Nyanya," akasema.

Jioni hiyo nikawaita wote sebuleni, Grace, mumewe na Wakesho, nikatoa amri, na hata huku Voi bado ni amri: mkiniona naanza kuinuka kitini mbele za watu, iwe kanisani, iwe harusini, aliye karibu anivute leso nikae, na nikiuliza kwa nini, asinijibu.