Chini ya Mchungwa wa Mama

Mama alipofariki aliacha mchungwa mdogo mbele ya nyumba yetu kule Kilungu. Aliupanda mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuendelea. Baba alifanya kazi Mombasa, akija Krismasi. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mti.

Kwetu, msichana hupimwa kwa uwanja wake. Ukiamka unafagia mpaka udongo unang'aa, na jani likianguka unaliokota. Mama alifagia hivyo, nami nikafuata. Hatukujua kwamba kila asubuhi ufagio uliondoka na udongo kidogo. Mwaka ule mizizi ya mchungwa ilikuwa imetokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na majani yakaanza kujikunja.

Mama mmoja wa kanisani, aliyetunza maua ya pale, alipita akasimama.

"Mti wako uko uchi," akasema. "Uvishe nguo."

Jumapili ile alinionyesha jeraniamu zake. Mlangoni mwa kanisa kulikuwa na ndefu, zenye maua mekundu. Nilizitamani sana. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na nyingine, fupi, zilizobanana chini, na viua vyake vya rangi ya waridi iliyofifia huwezi kuviona ukiwa mbali.

"Hizo ndefu zitashindana na mti, halafu chini zinabaki miguu mitupu," akasema. "Chagua."

Nilisimama pale mpaka watu wote wakaenda nyumbani. Nikachagua zile fupi. Aling'oa mashina na mizizi yake, akayafunga kwa gunia bichi.

Nilitandaza udongo na samadi juu ya mizizi ya mchungwa, nikapanda, na maji ya kuoshea vyombo nikayamwaga hapo kila jioni. Pale chini nikaacha kufagia. Majirani wakiteremka kisimani waliniona.

"Aiya! Mwenzetu anafuga nyoka!"

"Muache, labda ni mboga za Wazungu."

Nilicheka nao. Wakishapita, nyumba ilinyamaza tena. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe ilinishtua nilipomfukuza kuku kwenye maua.

Krismasi ilipokaribia, shangazi, dada yake baba, alikuja kunisaidia kuandaa nyumba. Aliuona uwanja akashika kiuno.

"Baba yako aje akute msitu mlangoni? Atasema mama yako alikufa na adabu ya hii nyumba. Lete jembe."

Sikuwahi kumbishia mtu mzima. Nilitaka kumwambia kwamba majani ya mti yalikuwa yameanza kufunguka, lakini nilikuwa nimeshageuka kulitafuta jembe. Nililileta jembe. Nikampa. Kisha nikaenda nikaketi chini ya mti, katikati ya jeraniamu, miguu nimeinyoosha.

"Ondoka hapo."

Sikuondoka.

"Sasa nikulime na wewe?"

Nilikuwa nalia, nikitazama magoti yangu. Shangazi aliliweka jembe chini. Kisha alipiga magoti, akatenganisha majani kwa vidole, akagusa udongo. Ulikuwa na unyevu, ingawa uwanja wote ulikuwa mkavu kama kigae. Akatafuta mizizi asiione.

"Haya, mama," akasema polepole. "Haya. Lakini kule kwingine kote nafagia mimi, na usinifundishe."

Alifagia akizunguka, ufagio ukaishia pale majani yalipoanzia.

Baba alipokuja aliweka kiti chake kivulini, akala, akalala kidogo. Kuhusu maua hakuuliza. Baada ya mwaka mpya akarudi kazini.

Mti ulizaa msimu uliofuata, machungwa machache. La kwanza lilianguka lenyewe juu ya jeraniamu, halikupasuka. Nilisikia kishindo kidogo nikiwa jikoni, nikatoka mbio, mdomo wazi, nimwite mtu. Nikaliokota. Nikaketi pale pale nikalimenya.