Kununua Gitare Yako Mwenyewe

Waasi wameondoka, maduka ya Butembo yamejaa tena. Juzi nilimkuta humo mwanamuziki wa Beni akichagua kati ya gitare mbili za jazz, zile zenye tumbo tupu: moja mpya, nyingine ya okazyo. Ghafla akagusa kiraka cha ngozi ya mbuzi ubavuni mwa ile kuukuu.

“Patron, hii ni yangu! Waasi baliibeba kwangu kule Beni, Bungulu. Hii kiraka nilibandika miye mwenyewe.”

“Kama ni yako, piga tusikie,” mwenye duka akamwambia.

Akapiga. Wateja wakasogea kusikiliza.

“Kumbe inalia muzuri hivi!” akasema mwenye duka. “Donc, bei inapanda.”

Hata aibu hana! Mimi waasi walinibebea kitanda. Nikikikuta dukani, nikilalie kwanza ndipo wanipandishie bei?