Asumini Iliyokatwa Mwezi wa Tisa

Tangu Bi Mahbuba astaafu ualimu, hakuwa na kazi aliyoipenda kama bustani ya nyumbani kwake Bawshar. Agosti alikwenda Salala na mumewe, Harub, kukimbia joto. Conjesta, dada aliyemsaidia kazi, naye alikuwa likizo kwao Muleba. Mume na mke waliporudi, Bi Mahbuba alikuta mpira uliokuwa ukiidondoshea asumini maji umeziba na mti umekauka, majani yote chini.

"Ing'oe, tutanunua nyengine," Harub alisema.

"Nyengine haitakuwa hii. Hii nimeipanda nna mimba ya Nawar."

Siku mbili aliiacha papo hapo, hakutaka iguswe.

Conjesta alipowasili, hata mizigo hajafungua, alichutama penye shina akalikwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa na kijani.

"Haijafa hii, mama. Naomba msumeno."

"Msumeno wa nini tena?"

"Kwetu mbuni wa kahawa ukichoka tunaukata, tunabakisha kisiki cha kufika magotini. Unachipua upya."

Bi Mahbuba aliitazama asumini iliyokuwa ikifika dirisha la juu. "Bismillahi," alisema, akageuka asione ikikatwa.

Kungoja kulimshinda, basi akajitia kazini. Waling'oa bamia zilizozeeka, wakatifua udongo na kuuchanganya na samadi ya mbuzi. Mbegu za nyanya na biringani wakazisia kwenye trei, wakaziweka kivulini nyuma ya jiko, maana jua la Septemba bado lilikuwa kali. Waridi walilipunguza matawi. Conjesta akaomba pembe moja apande mchicha.

"Panda, lakini usinisongee waridi langu!"

Siku ya kumi na tisa tangu asumini ikatwe, baada ya sala ya alfajiri, Bi Mahbuba alikwenda kumwagilia miche. Alipopita kwenye kisiki akasimama ghafla.

"Konje! Njoo uone!"

Conjesta alikuja mbio, mikono imejaa unga. Vichipukizi vitatu, vyekundu kidogo kwenye ncha, vilikuwa vimepasua gome. Bi Mahbuba alimkumbatia na unga wake.

Harub alivaa miwani, akainama. "Mashaallah. Na mimi nilitaka ing'olewe."

"Ndo maana jembe huachiwi," mkewe alimjibu, wakacheka wote.

Ijumaa ile mchicha wa Conjesta uliungwa kwa nazi. Harub alijipakulia mara mbili, na kabla sahani hazijaondolewa, Bi Mahbuba alimwambia Conjesta achague pembe ya pili.