Pale Baba Anapoketi kwenye Kigoda

Ule ulikuwa mwaka wa mapanki. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi Mwanza tukakaangiwa mapanki, yaani mifupa na vichwa, tukala kwa ugali wa muhogo na kushukuru. Mwaka huohuo tulimzika mtoto wetu wa kwanza. Msibani mimi nililala chini, ndani, na wanawake wenzangu. Mume wangu alikuwa nje na wanaume, wanaota moto. Machozi yake sikuyaona. Nikaamini hana.

Alikuwa kibarua kiwanda cha samaki. Fundi mmoja Mzungu alipohama akamwachia deki ya video na kanda moja, filamu ya zamani isiyo na rangi. Watu wanaongea lugha yao, Kiingereza kinapita chini kwa maandishi. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Mume wangu ndiye alinisomea, ananigeuzia kwa Kiswahili, anakwama, anaendelea.

"Hawa ni Wayahudi, wa kwenye Biblia."

"Wa kwenye Biblia mbona wamevaa makoti?"

"Kwao baridi. Tulia, mwanamke, maandishi yanakimbia!"

Basi mle kijana anakufa. Mama yake anafunika kioo cha ukutani kwa shuka. Baba anachana koti lake, anaketi kwenye kigoda, ndani, ubavuni kwa mkewe, analia. Maandishi yakapita, mume wangu hakusoma. Nikageuka. Akateremka kwenye kiti, akaja kukaa nami mkekani, mabega yanamtikisika. Tuliirudia kanda ile miaka na miaka, na pale hakusoma kamwe.

Filamu yenyewe ni vilio vitupu, hata harusini wanalia. Sijaichoka. Mume wangu alipofariki niliendelea kuitazama, na sauti yake naisikia mwanzo mpaka mwisho. Pale kwenye kigoda tu ndipo ananyamaza, na mimi najua amekaa wapi.

Mwaka huu mjukuu wangu wa kike, msomi wa chuo, ninayeringa naye mpaka majirani wananikimbia, aliihamishia kwenye flashi akaipeleka Mabatini, kwa jamaa anayetia Kiswahili kwenye filamu za nje. Sikukuu akaiwasha, sebule yangu imejaa watu. Jamaa anaongea vizuri, tukacheka. Kufika kwenye kigoda, akapaza sauti: "Jamani, mshua analia kama katoto!"

Nikainuka, nikazima.

"Bibi jamani! Si ndiyo uelewe?"

"Nilishaelewa mwaka wa mapanki."

Nikamweleza, mbele ya wote, babu yake alivyoteremka kwenye kiti. Hakuwa anajua. Akafuta macho. Lakini kichwa kigumu kakitoa kwangu.

"Basi nitamwambia aseme kwa heshima, bibi. Maneno mawili, na hawa wadogo waelewe."

"Pale hasemi mtu."

"Hata neno moja?"

"Pale hasemi mtu."