Mbao Alizoleta Svenning

Anker Lollike alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya mbao, na kwa miaka mingi kisiwani Vejrholm hakikuteremshwa majini chombo ambacho mkono wake haukukipitia. Kisha vyombo vya chuma vikatamba, karakana ya bandarini ikafungwa, na Anker akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa hali bado ana kifua cha kubeba mlingoti. Alitengeneza kila kilichoharibika nyumbani, halafu akaanza kutengeneza visivyoharibika. Siku mkewe, Ketty, alipomkuta akiipiga randa meza ya jikoni iliyokuwa haina kasoro yoyote, alimwambia, "Mume wangu, ukimaliza hiyo meza utanipiga randa na mimi?"

Kazi ikamjia kutoka kanisani. Makanisa ya pwani ile ya Denmark yana kila moja merikebu yake ndogo inayoning'inia darini juu ya viti, omo imeelekea madhabahuni, kuwaombea walio baharini. Ile ya Vejrholm ilikuwa imeliwa na wadudu hata ikawa inawamwagia waumini unga vichwani wakati wa mahubiri. Anker akasema ataunda mpya, na hataki malipo. Tena hataiga ile ya zamani. Ataunda kogge, aina ya merikebu waliyosafiria watu waliolijenga kanisa lenyewe miaka mia sita iliyopita: tumbo pana, mlingoti mmoja, tanga moja la mraba, na huko tezi jukwaa lililozungushiwa mbao kwa ajili ya wapiga mishale.

Hapo ndipo alipoingia Svenning, kaka yake Ketty. Svenning alikuwa mvuvi wa mikunga, na pale kijijini utani haukuwa utani mpaka yeye autie chumvi. Yeye na Anker walikua pamoja; walipokuwa wadogo barafu ilipasuka chini ya miguu ya Anker, na Svenning ndiye aliyelala kifudifudi akamvuta kwa skafu ya shingoni. Mtu aliyekutoa majini humshuku. Sasa, huyu Svenning aliwahi kusimulia mezani kwamba wavu wake ulinasa kitu kule rasi ya kaskazini, ukapanda na mbao nyeusi zenye misumari iliyopindwa kama ndoana. Kila fundi wa vyombo anajua kwamba misumari ya hivyo ni ya kogge.

"Zile mbao ziko wapi?" Anker akawa anamuuliza.

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Zipo mahali, shemeji. Unataka nikuchoree ramani?"

Anker hakumpa nafasi ya kupumua. Alimfuata gatini, alimfuata dukani, alimfuata mpaka kwenye chumba chake cha kukaushia mikunga kwa moshi. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba merikebu ya kanisa itaundwa kwa mwili wa merikebu ya kweli, na wazo lile lilimkaa kifuani kama uchumba. Svenning alikwepa mwaka mzima. Majira ya kuchipua yaliyofuata akaja na mkokoteni, mbao zimefungwa magunia, nyeusi, zinatoa maji na harufu ya tope.

"Haya, chukua, uniache nilale," alisema. "Lakini mdomo wako! Chochote cha chini ya bahari kilichopita miaka mia ni mali ya serikali. Wakijua, mimi na wewe tunakwenda kula mkate wa jela. Usimwambie mtu. Hata Ketty. Dada yangu namjua, mdomo wake hauna kitasa."

Anker alizikausha mbao zile kivulini, polepole, zisipasuke. Akazichana nyembamba. Akaweka mkuku, akasimamisha mataruma, akazipandisha mbao za ubavuni moja juu ya mwenzake kama magamba ya samaki, na kila msumari mdogo alioupigilia aliupinda ncha kama walivyoupinda wale wa kale. Alifanya kazi akipiga mluzi. Wakati mwingine aliacha patasi, akaweka kiganja juu ya ubao na kuwaza juu ya mikono iliyoushika kabla yake, watu waliopakia magunia ya chumvi ya mji wa Lübeck na mapipa ya samaki, wakazama wakiiona rasi hii hii anayoiona yeye dirishani.

Watu walikuja kutazama. Palle, dereva wa lori la maziwa, alipita karibu kila wiki.

"Mbao nzuri hizi, mzee. Umezipata wapi?"

"Mbao za zamani tu."

Palle aliinama, akanusa ubavu wa merikebu, akafumba macho. "Bahari," alisema. "Naisikia kabisa bahari." Akatoka haraka akijifuta machozi, na Anker akamwona mtu mwenye moyo laini kuliko alivyomdhania. Wengine nao walisifu. Walishika tanga, walishika usukani, wakasema hakuna fundi kama yeye pwani nzima. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa adabu.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: Ketty. Walikuwa wameoana wakiwa vijana na hajawahi kumficha kitu, hata ile mara alipopoteza pete ya ndoa ndani ya pipa la lami. Sasa kila wakikaa kula anajiona mwizi. Mara kadhaa alifungua kinywa amwambie, na kila mara Ketty aliinuka kwenda kutazama kilichokuwa jikoni.

Merikebu ilikwisha mwaka wa tatu. Jumapili moja ya Septemba wanaume wanne waliibeba begani kutoka nyumbani kwa Anker mpaka kanisani, Svenning akiwa mbele, na watu wakasimama milangoni wamevua kofia. Ilipandishwa kwa kamba, ikazunguka kidogo hewani, ikatulia ikitazama madhabahu. Mchungaji Rigmor Dalum aliiombea baraka. Kisha wote wakaenda ukumbi wa parokia kunywa kahawa na kula keki za krimu, na mchungaji akamwomba Anker aseme neno.

Anker hakuwa mtu wa maneno. Alisimama, akashika mgongo wa kiti. Alikuwa ameamua tangu wiki ile kwamba hatamtolea Mungu zawadi yenye siri ndani yake.

"Ndugu zangu," alisema, "nina la kukiri. Mbao za merikebu ile hazikutoka dukani. Zimetoka baharini, kule rasi ya kaskazini. Ni mbao za kogge ya kweli iliyozama pale zamani za mababu. Nilizificha serikali. Nimezificha hata mke wangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ketty, unisamehe. Kama kuna kosa, ni langu peke yangu, mtu mwingine asiulizwe."

 Watu walitazama ndani ya vikombe vyao. Anker alidhani wameguswa. Ndipo kutoka meza ya nyuma, Palle wa lori la maziwa akaguna kama nguruwe.

Aliguna mara moja, halafu tena, kwa pua, kama nguruwe anayefukua viazi. Mtu akapaliwa na kahawa. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Kisha ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, kicheko kile cha watu walioshikilia mbavu zao miaka mitatu. Anker alisimama pale pale akitabasamu kidogo, maana hakuwa ameelewa, na mtu asiyeelewa hutabasamu.

"Kaa, shemeji, kaa chini," Svenning alisema huku akilia kwa kucheka. "Ni banda la nguruwe la bibi yangu! Nililivunja, nikazizamisha mbao gatini kwa mawe msimu mzima wa baridi zipate weusi. Ungeniachaje, na wewe ulinifuata mpaka chooni?"

"Na zile za kweli?"

"Zile nilizichoma, nikakaushia mikunga kwa moshi wake. Umewala mwenyewe, Krismasi, nyumbani kwangu. Ukaomba uongezewe!"

Kicheko kikapanda upya. Anker alimtafuta Ketty kwa macho. Alimwona amekaa karibu na dirisha, sahani magotini, hacheki hata kidogo. Lakini pia hakushtuka. Kila asiyejua jambo hushtuka anapolisikia, na uso wa Ketty ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo kwa hofu. Hapo Anker akaacha kutabasamu. Alichukua kofia yake akatoka, na keki yake ikabaki mezani haijaguswa.

Ketty alimkuta karakanani, ameketi juu ya kigogo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo. Svenning aliniambia wiki ile ile alipozileta."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unapiga mluzi, Anker. Tangu wafunge karakana sikuwa nimeusikia mluzi wako. Nikukatize nikwambie nini?"

"Ungeniambia kweli."

"Nilijua nikikuambia utaziacha, utarudi kwenye meza ya jikoni. Nilisema akimaliza nitamwambia. Ukawa humalizi. Halafu wakajua watu wengi, nikaona aibu."

"Mimi nilikuwa nakuomba msamaha moyoni kila nikivunja mkate mezani kwako," alisema Anker. "Na wewe umekaa mbele yangu, unajua ninachokuficha, unanitazama nikihangaika. Svenning ni Svenning. Lakini wewe?"

Ketty aliinama, akaokota vipande vya mbao sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na kinachoumiza zaidi ni kwamba nguo yenyewe umeivaa kwa kuipenda.

Kesho yake Anker alikwenda kwa mchungaji kuomba funguo na ngazi, akaishushe merikebu.

"Siwezi, Anker," alisema Rigmor. "Umekwisha kuitoa, ni ya kanisa. Tena ni nzuri, haina mfano. Na banda la mifugo si aibu. Bwana wetu mwenyewe alilazwa horini."

"Kweli, mama mchungaji. Lakini hakuna aliyemwambia mama yake kwamba lile hori ni kitanda cha mfalme." Akamtazama. "Na wewe ulijua?"

Mchungaji akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilisikia. Nilidhani unajua, na ni utani wenu nyote."

Anker alivaa kofia yake. Hakuulizia tena ngazi.

Alichofanya baadaye ndicho ambacho kisiwa hakikukitarajia. Alipanda feri mpaka mjini, akaenda makumbusho, akawaeleza neno kwa neno mahali wavu wa Svenning uliponasa. Wapiga mbizi walikuja kiangazi. Walikuta kogge kweli, nusu imefunikwa mchanga. Serikali ikaweka maboya kuizunguka rasi yote na kupiga marufuku nyavu na mitego, na pale ndipo palipokuwa na mikunga wanono kuliko popote. Svenning alikuja uani kwa Anker hajavua hata mabuti ya kuvulia.

"Umenifunga mikono, shemeji! Nitavua wapi? Bafuni?"

"Wewe ulinifunga macho."

"Ule ulikuwa utani!"

"Na mimi nacheka," alisema Anker, akafunga mlango.

Siku hizo wale wale waliocheka ukumbini ndio waliomwita msaliti. Palle aliacha kumpigia honi. Dukani mazungumzo yalikatika alipoingia, naye alinunua chumvi yake akatoka, akashangaa jinsi isivyomuuma. Kilichomuuma kilikwisha kumuuma.

Makumbusho walimwalika aje kuona ubao wa kwanza uliotolewa. Ulikuwa umelazwa ndani ya beseni refu la maji. Walimruhusu kuugusa. Alibonyeza kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa.  Ubao wa namna ile usingevumilia randa hata siku moja, usingeshika msumari, ungegeuka unga ukikauka. Naye alikuwa fundi. Zile za Svenning zilikuwa ngumu, zimelia chini ya msumeno kama mwaloni wowote wa shambani, na mikono yake ilisikia, na yeye akaiambia mikono inyamaze. Alirudi na feri ya mchana hajamwambia mtu, mpaka alipofika nyumbani akamwambia Ketty. Alimwambia kwa sababu alikuwa amechoka kuwa na kitu ambacho mkewe hakijui.

Ketty alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema "kumbe na wewe ulijua," wala hakumshika mkono. Alisogeza sahani ya viazi karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba walikula bila redio.

Miaka michache baadaye Svenning aliugua mapafu. Ketty alikwenda kumuuguza kila siku, na kila siku Anker alimpeleka kwa gari mpaka kwenye geti la kaka yake, akazima injini, akangoja. Hakuingia hata mara moja. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimesogezwa dirishani, na mchana mmoja wa Machi Svenning aliinua mkono nyuma ya kioo. Anker aliuona. Alitazama usukani.

Ketty alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alifunga mlango wa gari, akaweka mkoba mapajani.

"Amekuulizia," alisema.

"Najua," alisema Anker, akawasha gari.