Aliyekuja Kunidai Radhi

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na mimi sinywi. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo watu wanayoniuliza kila nikisimulia, hata kabla sijafika katikati. Wengine huniuliza kwa upole, wakanishika bega kama mtu mgonjwa. Basi nakwambia wewe unayesoma: yalinitokea nikiwa macho, katika chumba cha kufulia cha jengo tunalopanga hapa New Hope, Minnesota, Marekani, Jumamosi moja ya majira ya baridi, magharibi ikiingia. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikulazimishi, lakini usiniambie kwamba nilichokiona sikukiona.

Mimi si msomi. Nilikomea darasa la saba, Mombasa, na hapa nafanya kazi kiwandani Fridley, napakia maboksi. Msomi alikuwa mwanangu Nasra. Nilimleta huku akiwa mdogo, mama yake akafariki, tukabaki wawili. Alikulia kwenye Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Baba, usi-worry, nita-call kesho." Ndivyo alivyosema. Mimi nilimcheka Kiswahili chake, yeye alinicheka Kiingereza changu, tukaenda hivyo miaka yote.

Alipomaliza chuo akapata kazi ya kufundisha Kiingereza Hungaria, katika shule ya mji mdogo ambako watoto husoma masomo mengine kwa lugha yao na mengine kwa Kiingereza. Hata jiografia wanaisoma kwa Kiingereza. Dada yangu, Bi Saida, anayekaa mji jirani wa Crystal, aliposikia alijishika kichwa.

"Hungaria? Mtoto wa kike, peke yake, kwa watu asiowajua? Kakangu, una akili kweli?"

"Hata sisi tulikuja huku kwa watu tusiowajua," nikamwambia.

"Sisi tulikuwa na shida. Yeye ana shida gani? Sweta anazo, chakula anacho!"

Nilimwona tu mwanangu uso unavyomng'aa akiizungumzia ile shule. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, alinishika mikono yote miwili akasema, "Baba, niwie radhi." Kwetu hilo si neno la kupita. Radhi ya mzazi ni kitu mtoto anachoondoka nacho, na akifa anakwenda nacho. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba mzazi akiiondoa, mtoto hana pa kutulia, si hapa wala huko. Nikamwambia, "Nimekuwia radhi, mwanangu, uendako na urudiko." Akalia, akacheka, akaenda kupanga foleni.

Na alikuwa na furaha kule, niamini. Alinipigia video kila wiki. Alinieleza kwamba kipindi kikianza, mtoto wa zamu husimama mbele, mgongo umenyooka, akamripotia mwalimu nani yupo na nani hayupo. "Baba, ni kama jeshi! Halafu dakika mbili baadaye wananipanda kichwani." Siku moja aliwafundisha Kiingereza cha jikoni kwa kuwapikia chapati. Darasa zima likanuka mafuta. Mwalimu mkuu akaja kukemea, akaishia kula mbili na kuuliza kama zimebaki.

Asubuhi moja alianguka akijitayarisha kwenda kazini. Mshipa wa kichwani ulipasuka. Daktari wa kule aliniambia, na wa hapa akaniambia vilevile, kwamba ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Ungeweza kupasuka popote, hata kwenye kochi langu hapa New Hope. Nilifika nikakuta ameshazikwa. Waislamu wa mji mkuu walimzika, Waturuki na Waarabu ambao hawakumjua hata jina la babu yake, Mungu awalipe. Nikasimama kaburini, nikamwombea, nikarudi na sanduku lake la nguo.

Bi Saida hakuacha kunilaumu. Si mtu mbaya, alimpenda Nasra kama wa tumbo lake, na uchungu lazima utafute pa kutokea. "Ungemkataza angekuwa hai. Sema tu ulikosea, kakangu, moyo utapoa." Jamaa wa Mombasa nao wakasema hivyo hivyo kwenye simu. Ulikosea. Ungemkataza. Baba gani wewe? Mimi nilinyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Lakini ukinyamaza sana, maneno ya watu huanza kusema ndani yako kwa sauti yako mwenyewe.

Sanduku lilikaa chini ya dirisha muda mrefu, sijalifungua. Kwetu nguo za maiti hufuliwa zikatolewa sadaka, haziachwi zikaoza. Jumamosi ile nikajikaza, nikampigia dada yangu kumwambia nashuka kufua.

"Saa hii? Magharibi inaingia! Nguo za marehemu hazifuliwi saa za wapita njia. Ngoja kesho asubuhi."

"Asubuhi wapangaji wote wanapigania mashine. Na jini gani atakuja Minnesota kwenye baridi hii?"

"Cheka tu. Wao hawahitaji makoti."

Nilicheka kweli. Nikashuka.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Mashine zake zina mlango wa kioo wa mviringo, unaziona nguo zikizunguka. Nilizitia moja moja. Ya mwisho ilikuwa sweta yake ya kijani, aliyokuwa akiivaa kila nikimwona kwenye video. Ilikuwa na kifungo kimoja chekundu kati ya vyeusi, kwa sababu kimoja kilipotea naye akashona chochote alichokipata. Nikafunga mlango, nikabonyeza, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kuitazama ikizunguka. Hapakuwa na mtu mwingine. Mlango wa kuingilia ni mmoja tu, na ulikuwa mbele ya macho yangu.

"Baba."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mtu wa pwani anajua: saa ile ukiitwa mara moja huitiki, huenda anayekuita si mtu. Sikuitika. Niligeuka tu.

Nasra alikuwa kwenye meza ya kukunjia, anakunja nguo. Nywele zake vile vile, kovu dogo la kidevuni alilolipata akiteleza kwenye barafu akiwa mtoto, na amevaa ile sweta ya kijani.

Unadhani niliogopa? Sikuogopa. Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Ungefanya nini, ukimbie mwanao?

"Baba, nimechoka," akasema. "Kule ni baridi na niko pweke. Wale watoto walinicheka, na hakuna anikumbukaye. Nataka kurudi nyumbani."

"Rudi," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

"Siwezi. Radhi yako yanizuia. Ulinifungulia njia ya kwenda, nami sina ya kurudia. Iondoe. Sema hukuridhia mimi kwenda, sema ulikosea, basi. Nitapanda nawe juu sasa hivi, nikutilie chai."

Akaja karibu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu wa kushoto. Baridi ya huku naijua, nimekwangua barafu ya kioo cha gari kwa miaka. Ile haikuwa baridi ya theluji. Ilikuwa kama mahali ambapo hapajawahi kuwa na moto.

Na mimi, Mungu ananiona, nilifungua mdomo. Ni neno dogo. Dada yangu ananiomba nilitamke kila siku, ndugu zangu wanataka kulisikia, na hapa mwanangu mwenyewe analisubiri amesimama mbele yangu. Nilikosea. Nani asingelisema? Kwa kikombe kimoja cha chai na mwanao, wewe ungelikataa?

Kitu kikagonga kioo. Ti. Ti. Ti. Nikatupa jicho kwenye mashine. Mkono wa sweta ya kijani ulikuwa umebanwa kwenye kioo, unapanda na kushuka na maji, na kile kifungo chekundu kinagonga kila kikipita. Nikamtazama aliyesimama mbele yangu. Sweta ile ile, kavu, na kifungo chekundu mahali pale pale.

Sweta ilikuwa moja tu. Mimi mwenyewe niliitia ndani.

Hapo na masikio yangu yakazibuka. "Hakuna anikumbukaye." Hicho kilikuwa Kiswahili cha marehemu mama yangu. Nasra hakuwahi kusema sentensi moja namna hiyo maisha yake yote. Na wale watoto, ambao mtu huyu ananiambia walimcheka, waliponipigia video baada ya msiba mtoto wa zamu alisimama akaripoti kwa Kiingereza kwamba wote wapo, akakataa katakata kusema mwalimu hayupo. Nililia siku ile mbele ya darasa zima la watoto wa Kihungaria. Wamsahau vipi?

Nikausukuma ule mkono, nikasimama.

"Nilimwia radhi," nikasema. "Alipokwenda nilimwia radhi. Alipokuwa kule nilimwia radhi. Na alipolala sasa namwia radhi. Sikukosea. Mwanangu alikwenda kufanya kazi aliyoipenda, akaifanya vizuri, na siku zake zikaisha. Wewe si yeye. Huna unachonidai."

Hayo maneno nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti mbele ya mtu yeyote, hata dada yangu. Kumbe yalikuwepo, yamekaa tayari.

Uso ule haukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulibaki na tabasamu la mwanangu, ila sauti ikabadilika. "Sema ulikosea, kakangu." Sauti ya Bi Saida, mpaka kule kuvuta pumzi kwake. Halafu sauti za ndugu zangu wa Mombasa, mmoja baada ya mwingine, zikitoka kwenye mdomo ule mmoja. Nikakataa kila moja. Mwisho ikaja sauti nyingine, ya chini, yenye kukwaruza kidogo. "Nilikosea," ikasema. "Ningemkataza."

Ilikuwa yangu mimi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Lakini niliutazama uso ule, nikasema, "Hata wewe. Hapana."

Mashine ikalia kuashiria imemaliza. Niligeuza shingo mara moja tu, na nilipoirudisha, kwenye meza hapakuwa na mtu wala nguo iliyokunjwa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, Mama Neema akaingia na kikapu chake, nusura aanguke. Ni jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mkongo wa Kivu, mama wa kanisani.

"Papa! Mulango inakataa! Nimesukuma, nimesukuma. Muko na nani humu?"

"Niko peke yangu, mama."

"Hapana, papa. Nimesikia mutoto mwanamuke analia, na wewe uko unamukatalia. Nikasema, hii ni mambo ya familia, ngoja niwaache. Lakini nguo zangu nazo zinaningoja."

Nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Hakunishika bega. Aliweka kikapu chini, akatazama pembe zote za chumba, akaanza kuomba kwa jina la Yesu kwa sauti ya kutikisa mabomba. Mimi nikasoma Ayatul Kursi. Tukamaliza karibu pamoja. Kisha akasema, "Haya, papa, tutoe nguo, zitanuka," tukazihamishia kwenye mashine ya kukaushia. Sweta ilikuwa mle ndani, imelowa kama nguo nyingine.

Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto hausikii moto. Nashika sufuria ya chai inayochemka bila kitambaa. Daktari amenipima, amesema ni mishipa ya fahamu, akanipa dawa. Nameza. Mkono uko vile vile.

Nguo zote nilizitoa sadaka. Sweta alipewa Neema, binti wa yule jirani, anaivaa akienda shule. Bi Saida alinijia juu: "Nguo imeingiliwa hiyo, unampa mtoto wa watu!" Nikamwambia nguo haina kosa, na mimi sina kosa, na marehemu hana kosa, na kuanzia leo neno hilo nisilisikie nyumbani kwangu. Alishtuka. Hajawahi kunisikia nikipandisha sauti. Alikaa wiki kadhaa hapigi simu, kisha siku moja akaja na mahamri, tukala, tukamzungumza Nasra mpaka tukacheka.

Sasa wewe mwenye maiti wako, nisikilize vizuri. Kitu hicho hakiji na kwato kama tulivyosimuliwa utotoni. Kinakuja na uso unaoutamani kuliko uso wowote, na kinakuomba neno moja dogo tu, kwamba ulikosea kumpenda mtu wako namna ulivyompenda. Usikipe. Hata kikikuahidi chai. Hata kikikuambia kwa sauti yako mwenyewe. Ukishalitoa neno hilo, hatarudi aliyekufa, na uliyompa ameondoka nalo.

Na wewe uliyekuja, kama nawe unasikia: sijahama. Nafua pale pale, saa ile ile. Njoo uniulize tena. Nilimwia radhi mwanangu.